Hodi ya Tatu

Gwarideni Mkoani mheshimiwa alisema tuna uwezo.
Alilitoa neno hilo kifuani: uwezo
wa kuzisaka nyambizi za watu, kuzibaini, kuzizamisha.
Bendi ikapiga. Watoto wa skuli wakapunga vibendera.
Mimi nilikuwa safu ya tatu, kofia imenibana,
nikawaza: uwezo ni miye.
Masikio mawili, la kushoto lilitoka usaha utotoni,
na mtambo tuliouziwa na waliouchoka,
vifungo vyake vimeandikwa kwa lugha asiyoijua mtu chomboni
ila Koplo Shaame, naye anabahatisha.

Magharibi ya Misali hapapimwi kwa pondo.
Mita mia nane, na giza lake.
Juu maji ni ya vuguvugu, ya kumkogeshea kitoto kichanga;
chini yake pana tabaka la baridi, limetandikwa kama shuka,
na sauti ikifika hapo hujikunja,
hurudi na uongo.
Mwenye kutaka kujificha hulala chini ya shuka hilo.

Nilifunzwa kusikia kwa miezi kumi na minne.
Uduvi hulia kama bizari ikitiwa kwenye mafuta.
Pomboo hupiga mbinja, hugombana kama watu wa harusini.
Meli ya abiria kutoka Unguja ina rafadha yenye bapa lililopinda.
Na boti ya Hamad Kifimbo, ya magendo ya karafuu,
naijua kwa kikohozi chake.
Sijawahi kuiripoti.

Usiku wa Jumanne, saa tisa, zamu yangu,
uduvi wakanyamaza.
Si wote. Kipande.
Kama mtu apitaye mbele ya taa
ukamjua kwa nuru aliyoiziba.
Kimya kile kikasogea kaskazini, taratibu,
kina urefu, kina mwendo, kina adabu ya mwizi.

Nikamwita Kapteni Makame. Akaja na kikombe chake cha chai.
"Una hakika, Mize?"
Nikamwambia hakika yangu ni ya kitu nisichokisikia.
Akayatazama mabomu yetu ya kina, manne,
mawili muda wake umekwisha tangu mwaka juzi.
Akanywa chai.
Akasema: "Mpigie hodi."

Maana ndivyo tulivyolelewa sote mle chomboni:
hodi mara tatu, usipojibiwa, rudi.

Nikabonyeza. Ya kwanza ikashuka, ndefu, ya chuma,
ikagonga sakafu ya dunia ikarudi mikono mitupu.
Ya pili ikarudi na kitu kidogo pembeni,
mfano wa kope ikipepesa.
Shaame akaacha kutafuna.
Jasho likanijaa ndani ya hedifoni.

Nikapiga ya tatu.

Likaja jibu. Si mwangwi;
mwangwi naujua, ni sauti yangu iliyochoka njiani.
Hili lilikuwa jipya, la mtambo usio na kutu,
pigo moja tu,
likatupima toka omo hadi tezi,
likatuhesabu misumari.
Sikuhitaji kubahatisha kwa Shaame.
Lilisema: Karibuni.

Mgeni, yumo ndani ya nyumba yetu, chumba cha ndani kabisa,
anatukaribisha.

Kisha uduvi wakarudi, wote kwa pamoja.

Kapteni akaandika daftarini: *Nyangumi, mmoja.*
Akaikata kwa mstari,
akaandika vilevile tena, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Asubuhi nikafika nyumbani Chokocho, viatu mkononi.
Mama alikuwa ametia komeo.
Nikasema hodi.
Ndani kandambili zake zilikuwa zikiburura sakafuni, maji yakimiminwa.
Nikasema hodi.
Kandambili zikasita.

Ya tatu ikanikwama kooni.
Nikasimama pale barazani, kofia kwapani,
nikikisikiliza kile kimya nyuma ya mbao,
kina urefu gani,
kinaelekea wapi.